Nyumba Isiyo na Kisogo

Jumba la zama za Malkia Victoria likigawanywa kuwa makazi mawili, kwa kawaida kisa chake ni cha kushuka hadhi. Mfanyabiashara aliyelijenga amekwisha kufa, watumishi wamekwenda zao, warithi wameshindwa na gharama ya kupasha moto vyumba vingi, ndipo fundi anapoitwa azibe mlango huu, atoboe ule, asimamishe ukuta mwembamba pale palipokuwa na ukumbi. Uingereza imejaa majumba ya namna hiyo, na aliyezoea kuyatazama huliona kovu mara anapoingia: ua la plasta katikati ya dari limekatwa nusu, ngazi pana inaishia ukutani. Katika mtaa wa Langside, kusini mwa Glasgow, barabara ya Mansionhouse Road ina jengo linalofanana na jumba moja lakini lina anwani mbili, na kovu hilo halimo. Tangu kwenye karatasi ya msanifu lilikuwa nyumba mbili. Alexander Thomson alilibuni na likajengwa mwaka 1856 na 1857; leo limo katika daraja A, la juu kabisa katika orodha ya majengo yanayolindwa kisheria nchini Uskoti, na jina lake katika vitabu ni Double Villa. Kinacholipa thamani, kwa maoni yangu, ni jinsi nusu zake mbili zinavyohusiana. Nguzo na nakshi za Kigiriki Thomson alizifanya vizuri zaidi kwingineko. Hapa aliigeuza nusu moja ikaelekea kinyume cha nyingine, na kwa hatua hiyo moja akaifuta sehemu ambayo karibu kila nyumba ya wakati wake ilikuwa nayo na kuionea haya: upande wa nyuma.

Jiometri yake ni nyepesi, ila inahitaji kutulia kidogo, kwa sababu mengine yote yanatoka humo. Nyumba pacha za kawaida, yaani mbili zinazoegemea ukuta mmoja, huchorwa kama sura na kivuli chake kiooni. Msanifu huchora nyumba moja, kisha huipindua, na ukuta wa pamoja huwa ndio mstari wa kioo. Milango yote miwili hutazama barabara ile ile, sebule zote mbili hutazama barabara ile ile, na majiko yote mawili hufichwa nyuma. Hata mpita njia asiyejua chochote kuhusu ujenzi hutambua mara moja kwamba hapa wanakaa watu wa nyumba mbili. Thomson hakupindua kitu. Alichukua ramani moja akaizungusha nusu duara katikati ya ukuta wa pamoja, kama mtu anavyoigeuza sahani mezani ili mwenzake aliyekaa mkabala naye aone nakshi zile zile alizokuwa anaziona yeye. Nyumba ya kwanza ikawa inatazama barabara. Ya pili ikaipa barabara mgongo na kutazama upande wa pili. Anayesimama barabarani anaona uso wa nyumba ya kwanza na, ubavuni mwake, mgongo wa nyumba ya pili, vyote vimetungwa kuwa kitu kimoja. Akizunguka hadi upande wa pili anakuta utungo ule ule, na kilichokuwa kushoto kwake huku kiko kushoto kwake kule.

Tofauti hii kati ya kupindua na kuzungusha huonekana ndogo mpaka mtu afuate matokeo yake. Nyumba zilizopinduliwa hazifanani kwa kweli: moja ni ya mkono wa kulia na nyingine ni ya mkono wa kushoto, ngazi ya moja ikipinda kulia ya mwenzake hupinda kushoto, na seremala hana budi kutengeneza seti mbili. Nyumba zilizozungushwa ni sawa kabisa, hata bawaba za milango. Kisha kuna ukuta wa pamoja wenyewe. Katika nyumba za kioo, yaani zilizopinduliwa, sebule hukaa ubavuni mwa sebule, na piano ya jirani hupigwa kwenye sikio la mgeni wako. Ramani ikizungushwa, sehemu ya mbele ya nyumba moja hupakana na sehemu ya nyuma ya nyingine, kwa hiyo pande mbili zenye shughuli ileile kwa saa ileile hazikutani. Na bado hatujafika kwenye jambo zito. Mtindo wa nyumba za mashambani za tabaka la kati katikati ya karne ya 19 ulitaka utungo usio na ulinganifu: paa hili juu, lile chini, dirisha kubwa lililotokeza upande mmoja, ukuta uliotulia upande mwingine. Nyumba pacha za kioo haziwezi kufuata mtindo huo hata kidogo, kwa maana kioo ndicho chanzo cha ulinganifu. Thomson aliupata utungo huo bila kuongeza tofali lolote la mapambo, kwa kuwa uso na mgongo vimewekwa sambamba, na uso na mgongo kwa asili havifanani.

Hapo ndipo mgongo ulipobadilika cheo. Katika mitaa ya Glasgow ya wakati ule, jiwe la mbele lilichongwa likalainishwa, na jiwe la nyuma likaachwa na ukwaru wake. Nyuma palikuwa pa mabomba, makaa, kamba za nguo na mjakazi aliyeingilia mlango wake mwenyewe. Hata majumba ya fahari yaliishi na sura mbili namna hiyo, na hakuna aliyeona ajabu. Katika Double Villa jambo hilo haliwezekani, kwa sababu mgongo wa nyumba yangu ni nusu ya uso wa nyumba yako. Upande wa kazi wa kila nyumba ulipaswa kuchorwa kwa uangalifu uleule wa upande wa wageni, la sivyo jirani angekuwa na uso wenye ila. Sisemi kwamba Thomson alikusudia kuwapa wajakazi heshima; hakuna ushahidi wa hilo, na maisha ya mjakazi wa Glasgow mwaka 1857 hayakubadilishwa na umbo la dirisha. Ninachosema ni kwamba ramani yenyewe ilimlazimisha asiwe na mahali pa kuficha ubovu. Wasanifu wengi huacha akili yao mbele ya nyumba kama mtu aachavyo kofia mlangoni. Huyu hakuwa na nafasi hiyo.

Hamu ya kuzifanya nyumba mbili zionekane moja haikuanza naye. Mskoti mwingine, John Claudius Loudon, aliyezaliwa Cambuslang kwenye viunga vya Glasgow hiyohiyo, alijenga nyumba pacha katika Porchester Terrace, mtaa wa Bayswater, London, kati ya 1823 na 1825, na kuishi katika mojawapo. Aliisukuma milango kwenye mbavu za jengo, kisha katikati ya uso, mahali ambapo ukuta wa pamoja ungejitokeza, akaweka chumba cha vioo cha kukuzia mimea chenye kuba. Mtazamaji akaona nyumba moja kubwa yenye bustani ndani ya kioo. Mwaka 1838, katika kitabu chake juu ya bustani na nyumba za viungani, Loudon alieleza mpango huo kwa faida ya wasomaji wa tabaka la kati, ambao wengi wao hawangeweza kulipia jumba zima lakini walitamani waonekane wanaishi ndani ya jumba zima. Lakini tazama alichofanya kwa hakika: alibakiza mstari wa kioo, na mshono akaufunika kwa kuba. Ulinganifu ulibaki palepale, na upande wa nyuma ukabaki wa nyuma. Wanaomweka Thomson katika mstari mmoja na Loudon wako sahihi kuhusu lengo, ila hawajaangalia njia.

Glasgow iliyomzunguka Thomson ilikuwa na kila sababu ya kuwasukuma wenye uwezo nje ya mji. Mwaka 1801 ilikuwa na watu wapatao 77,000. Kufikia 1851 walikuwa zaidi ya 320,000, wakiwa wamesongamana katika majengo ya ghorofa ya kupanga yaliyojazwa vibanda hadi uani. Kipindupindu kilipiga mwaka 1832, kikarudi 1848, kikarudi tena 1853 na 1854. Maji safi ya Loch Katrine yalifika mwaka 1859, baada ya Double Villa kumalizika. Thomson aliijua bei ya mji huo: kati ya 1854 na 1857 alizika watoto kadhaa, akiwa anaishi upande wa kusini wa mto Clyde karibu na vitongoji vilivyosongamana, na mwaka 1857 akaihamishia familia yake Shawlands, penye hewa. Mwaka huohuo halmashauri ya jiji ilinunua ardhi ya kufanyia bustani ya Queen's Park, jirani na Langside. Langside yenyewe ilikuwa bado nje ya mipaka ya jiji na haikuingizwa mpaka 1891. Hadi wakati huo ilikumbukwa zaidi kwa vita vya Mei 1568, ambamo Malkia Mary wa Uskoti alishindwa akakimbilia Uingereza na hakurudi tena.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki huenda anazijua fedha za Kiskoti za karne hiyo kupitia William Mackinnon, aliyefanya kazi Glasgow kabla ya kwenda Kolkata, ambaye meli zake za British India zilianza kupeleka barua Zanzibar mwaka 1872, na ambaye kampuni yake ilipewa hati ya kifalme mwaka 1888 juu ya nchi ambayo leo ni Kenya. Double Villa haikujengewa watu wa kimo hicho. Wenye mali ya namna hiyo walinunua mashamba na ngome. Nyumba pacha ilikuwa ya ngazi iliyo chini yao, watu wenye kipato cha kutosha kuukimbia moshi lakini si cha kutosha kujenga peke yao. Sheria ya ardhi ya Uskoti nayo ilikuwa na mchango wake. Mwenye shamba hakuuza kiwanja akaondoka; alimpa mjengaji haki ya kudumu kwa malipo ya kila mwaka na kwa masharti, na masharti hayo yangeweza kugusa ukubwa wa jengo, thamani yake na mawe yake. Mfumo huo, wenye mizizi ya kikabaila, haukufutwa kabisa mpaka tarehe 28 Novemba 2004. Chini ya masharti kama hayo, jengo moja lenye sura ya jumba na lenye kaya mbili za kugawana gharama ya kiwanja, ukuta na paa lilikuwa jibu la kihasibu kabla ya kuwa jibu la sanaa.

Thomson mwenyewe alikuwa mtu wa kufaa kuliona jibu hilo. Alizaliwa Balfron mwaka 1817 katika familia yenye watoto wengi mno, akafiwa na baba akiwa mdogo, akawekwa karani katika ofisi ya mwanasheria, na ni michoro yake iliyomvutia msanifu Robert Foote akamchukua kumfundisha kazi. Mwaka 1847 yeye na msanifu mwenzake John Baird walioa siku moja, dada wawili, wajukuu wa Peter Nicholson, mwandishi maarufu wa vitabu vya useremala na jiometri ya ujenzi. Kisha wakafungua ofisi pamoja. Sitathubutu kudai kwamba harusi ya pamoja ndiyo iliyozaa nyumba ya pamoja, ingawa kishawishi kipo. Baadaye alifanya kazi na ndugu yake George, ambaye mwaka 1871 aliacha usanifu akaenda Kamerun kuwa mmisionari. Alexander hakuwahi kutoka nje ya Uingereza na Uskoti kwenda kuangalia hekalu lolote. Ugiriki na Misri alizipata kwenye vitabu vya michoro, na labda ndiyo maana hakuzinakili kama mtalii anavyonakili. Alizichukua kama kanuni za kupanga nguzo, boriti na nafasi. Kejeli ya historia ni kwamba baada ya kifo chake mwaka 1875 mfuko wa safari za masomo ulianzishwa kwa jina lake, na mwaka 1890 aliyepata kwa mfuko huo fursa ya kwenda Italia alikuwa kijana Charles Rennie Mackintosh.

Kanuni hizo zinaonekana wazi anapojenga nyumba nyingi kwa pamoja. Katika Moray Place, safu ya nyumba kumi aliyoijenga Strathbungo kati ya 1859 na 1861 na ambamo aliishi mpaka akafa, ghorofa ya juu ni mfululizo wa nguzo za mraba zilizopangwa kwa nafasi sawa, bila kujali ukuta wa nani unaishia wapi. Mwenye nyumba namba nne hawezi kukuonyesha nyumba yake kwa kidole bila kuhesabu milango. Katika Great Western Terrace, ng'ambo ya mto, aliinua sehemu mbili za safu zikawa ndefu kuliko nyingine, lakini hakuziweka kwenye ncha kama ilivyokuwa desturi. Aliziingiza ndani kidogo, ili safu isomwe kama mwili mmoja badala ya mkia na kichwa. Kuanzia kazi za miaka ya 1850 alikuwa pia anaanza kutenga kioo na jiwe: nguzo zinasimama mbele kama nguzo, na fremu ya mbao yenye vioo inapita nyuma yake bila kukatwa. Katika Holmwood, jumba alilomjengea mwenye kiwanda cha karatasi James Couper huko Cathcart mwaka 1857 na 1858, dirisha la duara la sebule limejengwa hivyo. Tabia ya akili ni ileile kote: mipaka ya umiliki iko kwenye hati, na jengo lina mipaka yake mingine. Ukiiona Double Villa peke yake utaidhani mchezo wa werevu. Ukiiweka kando ya Moray Place utaona ni hatua ya mapema ya fikra iliyomshika maisha yake yote.

Pingamizi la kwanza ni la kimaadili, na lilikuwa mezani tangu wakati wake. John Ruskin, katika kitabu chake cha 1849 juu ya taa saba za usanifu, aliitenga taa moja kwa ajili ya ukweli, na akalaani jengo linalojidai kuwa kisichokuwa. Nyumba mbili zinazojifanya jumba moja zinasimama wapi mbele ya mahakama hiyo? Kwa Loudon nadhani hukumu ni ngumu kuepuka, kwa sababu kuba yake ipo pale hasa kwa ajili ya kufunika. Kwa Thomson kesi ni dhaifu. Hila, ikiwa ni hila, inadumu mpaka mtazamaji azunguke kona. Akifika upande wa pili na kukuta utungo uleule, jengo limekwisha kumwambia kila kitu, kwa maana hakuna jumba la mtu mmoja lenye nyuso mbili zinazolingana hivyo. Tena umoja unaoonekana si wa uongo. Paa ni moja, ukuta wa kati ni mmoja, na hakuna nusu inayoweza kubomolewa ikaiacha nyingine na sura yake. Ruskin na Thomson walikuwa maadui katika mambo mengine, hasa kuhusu mtindo wa Gothiki. Mwaka 1866 Thomson aliushambulia hadharani mpango wa kulijenga jengo jipya la Chuo Kikuu cha Glasgow kwa mtindo huo, akifika hatua ya kudai kwamba mawe ya Stonehenge yamejengwa kisayansi zaidi kuliko kanisa kuu la York. Alishindwa, kama tunavyoona leo juu ya kilima cha Gilmorehill. Lakini kwenye suala la ukweli wa jengo naona angeweza kusimama mbele ya Ruskin bila kutetemeka.

Wengine watasema kuzungusha ni dhuluma iliyovaa nguo za usawa. Nyumba mbili zinazopeana mgongo haziwezi kupata jua lilelile kwa saa ileile, wala upepo uleule, na mmoja anaitazama barabara huku mwenzake akitazama bustani. Kweli. Ila tusilinganishe nyumba hii na usawa wa mbinguni. Tuilinganishe na mbadala wake. Nyumba za kioo zinagawana jua kwa haki zaidi na zinagawana kelele za barabara kwa haki zaidi, na badala yake kila moja inabaki na upande wa hovyo. Aliyeitazama barabara Langside alipata heshima ya kuonekana, na mwenzake akapata utulivu. Ni juu ya mnunuzi kuchagua. Kilichokuwa mikononi mwa msanifu, yaani vyumba na ufundi, kilitolewa kwa kipimo kimoja.

Lipo pia dai la kwamba Thomson alikuwa mwigaji. Wanahistoria wameona jinsi majumba yake ya miaka ya 1850 yanavyokaribiana na kazi za Karl Friedrich Schinkel wa Prussia, hasa nyumba ya mtunza bustani huko Charlottenhof, Potsdam: paa za mteremko mdogo zenye ukingo mpana, minara na maumbo yaliyopangwa bila ulinganifu, nguzo za mraba mfululizo. Nakubali ukaribu huo, na michoro ya Schinkel ilikuwa imechapishwa. Lakini Schinkel alikuwa akijenga kwa ajili ya mwana wa mfalme, kwenye bustani isiyo na jirani. Swali la watu wawili wasiojuana watakaoshiriki ukuta na kugawana uso halikumfikia. Msamiati ulitoka Prussia. Sentensi ilitungwa Glasgow.

Pingamizi ninaloliona lina uzito kuliko yote ni la uzao. Nyumba pacha ndiyo iliyoshinda karne ya 20 nchini Uingereza. Baada ya ripoti ya 1918 ya kamati ya Tudor Walters kuhusu makazi, halmashauri na wajenzi binafsi walizimwaga kwa mamia ya maelfu, na sensa ya 2021 ilikuta kwamba ndiyo aina ya nyumba iliyo nyingi kuliko zote Uingereza na Wales, karibu theluthi ya kaya. Karibu zote ni za kioo. Kama kuzungusha kulikuwa na faida zote nilizozitaja, mbona hakuna aliyefuata? Wengine humalizia hapo: Double Villa ni kioja, na kioja hakihitaji daraja A. Mimi nadhani jibu liko chini ya ardhi na kwenye uzio. Maji, gesi na mfereji wa majitaka hupita barabarani, na nyumba iliyoipa barabara mgongo inahitaji mabomba marefu zaidi na njia ya kufika kwenye mlango wake. Viwanja vya nyumba za kioo hukatwa kwa mstari mmoja kutoka barabarani hadi nyuma. Nyumba zilizozungushwa zinahitaji nafasi ya kutosha pande zote mbili, maana pande zote mbili ni za mbele. Mjenzi wa mwaka 1934 aliyekuwa akipima faida kwa futi ya upana wa barabara hakuweza kuvumilia hilo, na mteja wake alitaka mlango wake uonekane kutoka kituo cha basi. Mpango wa Thomson ulihitaji ardhi, na ardhi ndiyo iliyokuwa ikipanda bei. Kukosa uzao kwa sababu ya gharama ya kiwanja ni jambo tofauti na kukosa uzao kwa sababu ya udhaifu, na jengo la kwanza linabaki ushahidi kwamba njia nyingine ilikuwapo na ikaachwa kwa hesabu.

Ulinzi wa kisheria unaingia hapa, na una sababu ya kuingia. Glasgow imewapoteza watoto wengi wa Thomson. Kanisa la Queen's Park, la mwaka 1869, lilichomwa na mabomu ya Wajerumani mwaka 1943. La Caledonia Road limebaki gofu tangu moto wa 1965. Egyptian Halls ya Union Street imekaa miaka mingi nyuma ya majukwaa ya mafundi. Holmwood ilinusurika kwa kuingia mikononi mwa hazina ya taifa ya urithi ya Uskoti mwaka 1994. Orodha ya majengo yanayolindwa ilitokana na sheria ya mipango ya 1947, na leo inasimamiwa na Historic Environment Scotland chini ya sheria ya 1997. Inalinda jengo lote, ndani na nje, na kufanya kazi inayogusa hulka yake bila kibali ni kosa la jinai. Walalamikaji husema mzigo huo umebebeshwa watu binafsi, na ni kweli: tangu Oktoba 2012 hata mabadiliko yaliyoidhinishwa kwenye majengo haya hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20, wakati nyumba mpya haitozwi. Sera hiyo naiona mbovu. Lakini ubovu wa kodi hauondoi haja ya kibali, na kwa jengo hili kibali kina kazi ambayo hakina kwa jumba la mmiliki mmoja.

Kwa jumba la kawaida, ofisi ya mipango huwa na huruma kuhusu nyuma. Mwenye nyumba ataruhusiwa bomba la moshi la chuma, dirisha la vioo viwili, hata chumba cha ziada, mradi kisionekane kutoka mbele. Ni busara ya miaka mingi na mara nyingi inafaa. Ikitumiwa Langside italiua jengo polepole, kwa sababu kila mmoja wa wenye nyumba atakuwa ametii sharti la kutogusa mbele yake huku akiharibu nusu ya mbele ya jirani. Michoro ya jengo ilichapishwa na mchapishaji Blackie mwaka 1868, Thomson akiwa hai, katika mkusanyiko wa nyumba za mashambani na viungani, hivyo hakuna ubishi juu ya lilivyokusudiwa kuwa. Ombi la dirisha la jikoni la nyumba moja likifika ofisini, mchoro wa kufunguliwa mezani ni wa uso wa mbele wa nyumba ya pili, na mtu wa kwanza kuulizwa ni anayekaa humo.